Chini ya Boneti: Farasi Wako Wamebaki Pwani

Bi Fundi, mwenye gereji Industrial Area, Nairobi, anajibu barua za wasomaji

SWALI: Bi Fundi, shikamoo. Nina Mustang GT ya 2016, lita 5, gia za mkono. Niliinunua kwa mtu aliyeiagiza kutoka Uingereza. Karatasi zake zinasema ina nguvu za farasi 421, lakini mimi hao farasi siwaoni. Rafiki yangu mwenye Golf R ananicheka kila tukipanda Limuru Road. Halafu mkia hautulii: nikikanyaga mafuta nikitoka kwenye kona ya kuingia Southern Bypass, nyuma inarukaruka hadi usukani unatetemeka. Nimetenga laki sita. Fundi mmoja ameniandikia orodha: filta ya hewa ya wazi, eksozi mpya yote, na kuandikwa upya kwa kompyuta ya injini. Ananiahidi farasi 80 zaidi. Nianzie wapi?
Mwenye Farasi, Lang'ata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Farasi wako hawajaibiwa. Wamebaki Pwani.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo wala supachaja, yaani vifaa vya kusukumia hewa ndani ya injini, inapumua ilichopewa tu. Sisi mafundi tuna kipimo cha haraka: kila mita 100 unazopanda, toa kama asilimia moja ya nguvu. Kati ya wale 421 umebakiwa na 350 hivi. Rafiki yako wa Golf ana tabo, na tabo ikikuta hewa nyepesi huzunguka kasi zaidi, ikaikandamiza mpaka ikaribie kipimo kilichowekwa. Kwa hiyo yeye kapoteza kidogo sana. Shukeni naye hadi Mariakani uone kama bado atacheka. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kila nikienda nyumbani naisikia tofauti hiyo mguuni. Ukishapita Mtito Andei gari linaanza kuitika.

Sasa tuitazame hiyo orodha. Filta ya wazi chini ya boneti inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na radieta, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko ile nyepesi tuliyonayo tayari. Isitoshe, vumbi la murram linapita kwenye filta nyingi za urembo. Tena Mustang yako ina kifaa cha kupimia hewa ndani ya bomba, na kompyuta inagawa petroli kwa kuujua upana wa bomba hilo. Ukiweka bomba la upana mwingine bila kuiambia kompyuta, mchanganyiko umeharibika. Ama hao farasi 80, mwombe akuoneshe karatasi ya daino, ile mashine ya rola ya kupimia nguvu, ya kabla na ya baada, gari lilelile, siku ileile. Kwa V8 (injini ya silinda nane kama yako) isiyo na tabo, hapa Nairobi, ukipata 25 au 30 kutokana na orodha hiyo umepata.

Laki sita zako zinahitajika chini ya gari. Kuanzia Mustang za 2015, Ford waliachana na eksili ya nyuma ya kipande kimoja wakaweka suspensheni huru, kila gurudumu na mwendo wake. Mikono yote pamoja na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, imeshikwa na fremu ndogo ya chuma, tunaiita sabfremu, na sabfremu imefungwa kwenye bodi kwa bushi nne za mpira. Kiwandani walichagua mpira laini ili abiria asisikie kelele. Ukikanyaga mafuta kwenye kona, sabfremu nzima inajipinda ndani ya mpira, inarudi, inajipinda tena, na tairi nazo zinashika na kuachia. Huko ndiko kurukaruka unakokusema.

Majuzi lililetwa gari la aina hiyohiyo hapa kwangu. Tulilipandisha kwenye lifti, nikaingiza mtaimbo kati ya sabfremu na bodi upande wa kushoto, nikauinua kwa mkono mmoja tu. Mpira ukafunguka kiasi cha kupitisha ncha ya bisibisi. Pembeni mwa bushi palikuwa na duara la unga mweusi, mpira uliosagika wenyewe kwa wenyewe. Kijana wangu wa kazi, ambaye kubisha ndiyo kifungua kinywa chake, akasema ni bolti zimelegea. Nikampa spana ya kipimo azijaribu mwenyewe. Zote zilikuwa zimekaza sawasawa.

Dawa yake ni vikombe vya alumini au vya poliurethani vinavyokaa juu na chini ya bushi hizo kuziba nafasi. Sabfremu haitolewi. Unalegeza bolti, unaishusha kidogo kwa jeki, unavipachika, unakaza kwa kipimo cha kiwanda. Kwenye gari lako sijui kitu kingine kinacholeta mabadiliko makubwa hivyo kwa fedha ndogo hivyo. Utaisikia difu ikiimba kidogo ukiwa kwenye mwendo. Izoee.

Ila kabla hujafungua hata bolti moja, piga magoti usome tairi. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Zikiandikwa 3415, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2015. Ikiwa bado umevaa zilizokuja na gari, mpira umeshakuwa mgumu hata kama meno bado ni marefu, na hakuna suspensheni ya kukuokoa asubuhi ya mvua pale Waiyaki Way. Nunua mpya, nne kwa pamoja, saizi ya kiwandani: 255/40 mbele na 275/40 nyuma, rimu za inchi 19. Hapa ndipo fungu kubwa la laki sita litakapoishia, na usinung'unike. Usikubali za mtumba zilizopakwa dawa zikang'aa.

Ukishaweka bushi na tairi, fanya alaimenti ya magurudumu yote manne. Watu wengi hupima ya mbele tu wakaenda zao, na kwenye gari la suspensheni huru hiyo ni nusu ya kazi. Magurudumu ya nyuma yakitazama nje hata kidogo, mkia unakuwa na wasiwasi kila ukigusa mafuta. Mwambie mpimaji ayatazamishe ndani kidogo, yote mawili kwa kiasi kimoja, na usiondoke bila karatasi ya vipimo.

Breki huna shida nazo. GT za Uingereza zilikuja na diski za mbele za milimita 380 na kalipa za Brembo zenye pistoni 6. Badilisha mafuta ya breki tu, maana hunywa unyevu wa hewani, na huenda hayajaguswa tangu gari livuke bahari. Kulishusha gari, hapana. Unaishi Lang'ata, matuta unayajua. Fedha ikibaki, nunua shoki nzuri za urefu uleule wa kiwandani. Na ukishawishiwa uweke stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulalia upande kwenye kona) nene ya nyuma peke yake, kataa, itakuzidishia huo wasiwasi wa mkia.

Nguvu tutazizungumza mwakani. Kwa mwinuko huu, njia ya kweli ni kuilazimisha injini ivute hewa zaidi, kwa supachaja au tabo. Hiyo si kazi ya laki sita. Injini yako ina mgandamizo wa 11 kwa 1, kwa hiyo pampu ya petroli, nozeli, upoozaji na klachi vyote vitaingia kwenye hesabu. Na kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi: kompyuta ikirekebishwa Nairobi hadi ukingoni kabisa, ukashuka nayo Mombasa kwenye hewa nzito na joto, injini inaanza kugonga. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayolipa. Mrekebishaji akuachie nafasi, au akupe ramani mbili za kompyuta, yaani mipangilio miwili, ya huku na ya Pwani. Gari likishabadilishwa hivyo, iarifu kampuni ya bima mapema, usingoje ajali.

Usidhani nayadharau magari haya. Mwaka 2009 dereva wa rali Ian Duncan alishinda mbio za East African Safari Classic kwa Mustang ya zamani, ya ile eksili ya kipande kimoja. Kwenye barabara za vumbi na mawe, ungedhani ni V8 iliyompa ushindi. Waulize mafundi wa rali wanakopoteza usingizi wao: springi, shoki, bushi.

SWALI: Bi Fundi, salamu. Nina Mark X ya 2.5. Nataka ikae chini na ishike kona. Fundi wa Grogan ameniambia anaweza kunikatia springi koili moja na nusu kila upande, nusu saa kazi imekwisha. Kuna ubaya?
Kijana wa Umoja

JIBU: Salama, kijana wangu. Upo, tena si mmoja. Koili ikipungua, springi inakuwa ngumu, sawa, lakini safari yake imekuwa fupi na shoki imebaki ileile ya kiwandani, iliyopimwa kwa springi laini. Hapo gari linadunda. Tuta la kwanza pale Outer Ring shoki inagonga mwisho, na gurudumu lililogonga mwisho halishiki kona, linaruka tu. Pili, ncha ya springi imetengenezwa ikae kwenye kiti chake. Ukishaikata haikai sawa, na gari likinyanyuka kwenye shimo springi inaweza kucheza au kuhama. Akikuambia atapasha kwa gesi ili ilale, toka hapo ukiwa na funguo zako mkononi. Moto unaua ugumu wa chuma, na springi hiyo itaendelea kulala yenyewe mwezi hadi mwezi, upande mmoja kuliko mwingine.

Mark X ni gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, lina uzito mzuri, na likiwa na bushi nzima linashika kona kuliko unavyolidhania. Mengi ninayoyaona yana bushi za mikono ya mbele zilizopasuka na stabilaiza linki zinazogongagonga. Anza na hizo. Ukitaka kulishusha, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, zisizozidi milimita 25, pamoja na shoki zake.

SWALI: Bi Fundi, nimeona Dodge Challenger ya V8 inauzwa Marekani bei nzuri mno. Naweza kuileta Nairobi?
Msomaji, Ruaka

JIBU: Usitume hata senti. Challenger haikutengenezwa kiwandani na usukani wa kulia, na Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto ila yale ya kazi maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto. Tena gari lolote la mtumba unaloingiza lisizidi umri wa miaka 8. Mustang ya kuanzia 2015 ilitengenezwa na usukani wa kulia. Itafute Uingereza au Australia, iwe ndani ya umri huo, na kwanza usome jibu la kijana wa Lang'ata hapo juu.

SWALI: Bi Fundi, shikamoo. Mume wangu ameondoa sailensa na kata (kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi) kwenye gari lake, anasema linapumua vizuri na limeongeza nguvu. Analiwasha saa kumi na moja alfajiri. Majirani wameacha kutusalimia. Je, ni kweli kuna nguvu iliyoongezeka?
Mama Watoto, Kileleshwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kilichoongezeka hasa ni kelele, na sikio la mwanamume huwa linaihesabu kama farasi. Sailensa ya nyuma ikitolewa, nguvu inayopatikana ni ndogo mno, hataipata kwenye foleni ya Ring Road. Kuhusu kata, mwulize kama taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Nyuma ya kata kuna sensa ya oksijeni inayokagua kazi yake, na ikikosa kuiona inalalamika kwa kompyuta. Taa hiyo ikishazoeleka, siku kutakuwa na hitilafu ya kweli hakuna atakayeijali. Moshi wake nao unaingia madirishani mwenu na mwa majirani.

Kama anataka mngurumo mzuri wa heshima, yapo mabomba yenye vali: ikifungwa gari linatoka getini kwa adabu, ikifunguliwa anasikia anachokitaka akiwa barabara kuu. Gharama yake haizidi amani ya nyumbani. Wakati anazitafuta fedha, arudishe sailensa ya zamani. Na hiyo kata aulize iko wapi leo hii, kwa sababu ndani yake mna platinamu na paladiamu, na mafundi wengine huifungua bure kwa furaha kubwa.