Alnusi zenye majani ya kati na kati: ni chotara, na mbegu zake zichumwe?

Swali: Mtaalamu, nakusanya mbegu za alnusi, miti ya kingo za mito ya Ulaya, za porini ili kuotesha upya kingo za mto mmoja unaoshuka kutoka milima ya Alps. Bondeni kuna Alnus glutinosa, ile nyeusi. Juu kuna Alnus incana, ya kijivu. Katikati nimekuta miti kama 20 ambayo majani yake si ya huku wala ya kule: ncha imechongoka kidogo, na upande wa chini una manyoya machache. Je, hiyo ni miti chotara? Nikipeleka sampuli zikahesabiwe kromosomu, nitapata jibu? Na mbegu zake nichume au niache?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba, maana hapo ndipo unapoweza kupoteza fedha bure. Alnusi nyeusi ina kromosomu 28, na ya kijivu ina 28 vilevile. Kila mzazi hutoa 14, na chotara wao huzaliwa na 28. Ukihesabu utakuta wazazi na watoto wote wako sawa, na utarudi ulikoanzia.

Kuhusu uchotara wenyewe, inawezekana kabisa. Spishi hizi mbili huzaana porini zinapokutana, na chotara wao ana jina lake katika vitabu vya mimea, Alnus × pubescens. Ila kwa jani peke yake usiape. Jani la alnusi nyeusi huwa butu, mara nyingi limebonyea penye ncha, na matumba yake machanga hunata. La kijivu limechongoka, upande wa chini umefifia na una manyoya. Lakini chipukizi lililoota kwa nguvu kwenye kisiki hutoa majani makubwa yasiyofanana na ya matawi yaliyokomaa, hata mti ukiwa wa spishi safi. Kwa hiyo chukua majani ya matawi mafupi yaliyokomaa na yanayopata jua, kisha tazama na mambo mengine. Vikoni vya alnusi nyeusi, yaani matunda yake magumu yanayobeba mbegu, vina vikonyo dhahiri. Vya kijivu vimekaa karibu bila vikonyo. Gome la nyeusi hupasuka na kuwa jeusi uzeeni. La kijivu hubaki laini. Mti ulio kati na kati kwa majani, vikoni na gome, vyote vitatu, ndio wa kuushuku kwa dhati.

Mahali ulipoikuta miti hiyo pia panasema jambo. Alnusi huchanua mwishoni mwa baridi, kabla ya majani, na chavua yake huchukuliwa na upepo. Zikisimama pamoja, ya kijivu kwa kawaida hutangulia kuchanua, na pengo hilo la siku ni ukuta wa aina yake kati ya spishi mbili. Sasa fikiria mto wako: ya kijivu iko juu, kwenye baridi zaidi, na baridi huchelewesha maua. Kadiri inavyochelewa, ndivyo inavyokutana na nyeusi ya chini iliyo kwenye zamu yake. Baridi ikiisha ghafla, kila kitu huchanua kwa pamoja na ukuta huo hubomoka. Mimi ningeishuku sehemu ya katikati ya mto kama huo hata kabla ya kuona jani.

Jibu la hakika liko kwenye DNA. Kinachotakiwa ni alama kadhaa, yaani sehemu za DNA ya kwenye kiini cha seli, ambazo kwazo spishi hizo mbili hutofautiana. Chotara wa kizazi cha kwanza atakuwa na nakala moja ya kila upande katika kila alama. Akizaa tena na alnusi nyeusi, watoto watabaki na mchanganyiko huo katika nusu tu ya alama, kwa wastani. Kizazi kinachofuata, robo. Ndivyo jeni za spishi moja zinavyopenya katika nyingine kidogo kidogo, na baada ya vizazi vichache tu jani halionyeshi chochote. Ongeza na DNA ya kloroplasti, zile chembe za kijani za ndani ya seli. Hiyo katika alnusi hurithiwa kwa mama, kwa hiyo ikiwa spishi hizo mbili zina alama tofauti za kloroplasti mahali hapo, utajua ni ipi iliyobeba mbegu na ipi iliyoleta chavua.

Kuna mtego mmoja ambao nakuomba sana uuepuke. Alnusi ya kijivu huchipua kutoka kwenye mizizi, na kichaka kizima chenye mashina mengi kinaweza kuwa mti mmoja kwa vinasaba. Chotara aliyerithi tabia hiyo atafanya vivyo hivyo. Miti yako 20 inaweza kuwa chotara 20, au wanne, au mmoja aliyetambaa ukingoni kwa miaka mingi. Kabla ya kusema lolote kuhusu wingi wa uchotara, hakikisha kwa DNA ni miti mingapi tofauti iliyo mbele yako. Uchumaji wa mbegu hivyo hivyo: magunia matatu kutoka kichaka kimoja yana mama mmoja.

Sasa niseme lile lililonifanya nijibu kwa urefu. Unapouacha mti wenye majani ya kati na kati, unakuwa umemchagua mama tu. Mbegu ina baba pia, na baba huyo alikuja na upepo. Alnusi nyeusi iliyo safi kabisa, ikisimama karibu na ya kijivu, inaweza kuzaa mbegu chotara kwenye kikoni kilekile chenye mbegu safi. Kuiruka miti 20 hakuleti usafi unaoufikiria. Ukitaka mbegu za alnusi nyeusi zenye uchotara mdogo, ondoka kwenye eneo la makutano, chuma chini zaidi ambako ya kijivu haipo. Hata hapo usisahau maji: mbegu za alnusi zina tishu yenye hewa, huelea, na mto huzishusha mbali na mama yao.

Je, uchotara ni uchafu? Mimi sikubali neno hilo. Hapo kwenye makutano ya asili hiyo miti ni sehemu ya historia ya mto, na kuikata ni kosa. Kingo za katikati ningeziotesha kwa mbegu zilizochumwa katikati, chotara wakiwemo. Kingo za chini ningezitafutia mbegu za chini.

Kwa idadi, hesabu yenyewe ni rahisi. Ukitaka uwezekano wa 95% wa kupata aina ya jeni ambayo ni 5% tu ya nakala zote katika kundi, unahitaji nakala 59. Kila mti una nakala mbili, kwa hiyo ni miti mama 30 hivi isiyo ndugu wa karibu. Tofauti nyingi za vinasaba vya miti ya upepo kama alnusi ziko ndani ya kundi moja, kwa hiyo mama wengi wa mahali pamoja wana faida kubwa. Haja hiyo ni kubwa zaidi tangu 1993, ulipogunduliwa kusini mwa Uingereza ugonjwa wa mizizi unaoua alnusi, Phytophthora × alni, ambao nao ni chotara. Miti yenye jeni zinazofanana huweza kuangukia ugonjwa kwa mkumbo.

Kipimo cha kromosomu nacho kina mahali pake, ila si kwenye mto wako. Mwaka 2017 alnusi zenye kromosomu 56, zilizokuwa zikiitwa glutinosa, zilitajwa kuwa spishi mbili: Alnus lusitanica ya Rasi ya Iberia na Moroko, na Alnus rohlenae ya Balkani magharibi. Zikizaana na ya kromosomu 28, hutokea miti yenye 42, ambayo kwa kawaida uzazi wake huwa hafifu. Mtu akikuletea mbegu za "glutinosa" kutoka huko, zipimwe kwanza.

Mwisho, chuma vikoni vikianza kugeuka rangi ya kahawia, kabla havijafunguka. Kila mama awe na mfuko wake, namba yake, mahali aliposimama na umbali wake hadi alnusi ya kijivu iliyo karibu zaidi. Usichanganye mifuko hadi majibu ya DNA yatoke.