Badili kebo kabla ya kuihukumu diski

*Habari fundi. Kompyuta yangu ya mezani inaganda nikinakili picha, kisha inadai data ina hitilafu. Nimeambiwa diski imekufa. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, inaonyesha namba kubwa kwenye mstari wa C7, mingine mizima. Ninunue mpya?*

Bado, ndugu yangu. C7 huhesabu mara ambazo data imeharibika njiani, kati ya diski na ubao mama. Kila furushi la data husafiri na namba ya uhakiki. Namba isipolingana, furushi hutumwa upya, na kompyuta inaganda ikisubiri. Ugonjwa wa diski yenyewe hujitokeza kwenye 05 na C5, yaani sekta (vipande vya diski) mbovu zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhakikiwa. Kama hizo ni sifuri, shuku kebo.

Andika namba ya C7 kwenye karatasi. Zima mashine, toa umeme, chomoa kebo ya SATA, ile ya data kati ya diski na ubao mama, pande zote mbili. Chungulia vichwa vyake: je, kuna vumbi, kutu, plastiki iliyopasuka? Ukiichomeka inachezacheza? Weka nyingine yenye klipu ya chuma, isiyozidi mita 1, na usiikunje kwenye kona. Kisha nakili faili kubwa, tuseme GB 20, uangalie tena. Namba haitarudi sifuri, maana hesabu hiyo haifutiki. Ikibaki palepale, tatizo limekwisha. Ikipanda, hamia tundu jingine la SATA.

Nakuomba sana, usiendeshe chkdsk /f, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kabla ya kubadili kebo. Programu hiyo huandika kwenye diski, na ikisoma makosa kupitia kebo mbovu itaenda "kurekebisha" kilicho kizima. Nimewahi kuletewa diski ya picha za harusi: folda haipo tena, limebaki jalada la FOUND.000 limejaa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na wenzake, mamia kwa mamia. Mwenye harusi alikaa pembeni yangu tukiyafungua moja moja.

*Diski yangu ya nje inakatika katikati ya kunakili na kulia tik-tik.*

Mara nyingi ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la 3.0 hutoa 900, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka hutaka nyingi. Tumia kebo fupi, tundu la nyuma, bila kigawanyaji. Mlio ukiendelea hata kwenye mashine nyingine, izime usiiwashe tena. Mpelekee mtaalamu wa kuokoa data.

*Nimebadili betri ya BIOS, sasa Windows haiwaki: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nifomati?*

Hapana, dada! Betri ilipotoka, BIOS, programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta, ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na huenda diski ikahamishwa kutoka AHCI kwenda RAID au IDE, yaani namna ubao mama unavyozungumza na diski. Windows inaamka na draiva isiyolingana na hali hiyo. Ingia BIOS, rudisha ilivyokuwa.

*Mashine ya zamani ya Windows XP, diski ya IDE (aina ya kabla ya SATA), imekuwa nzito mno.*

Tazama utepe wake, ile kebo bapa ya data. Kasi zinazozidi MB 33 kwa sekunde zinadai utepe wa nyaya 80, si 40, ingawa vichwa vinafanana. Makosa yakirudiarudia, XP hushusha mwendo hadi PIO, njia ya kizamani ya polepole, na kubaki huko hata baada ya kubadili utepe. Weka utepe sahihi, kisha kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, futa Primary IDE Channel na uwashe upya. XP itaitambua diski kwa kasi yake.