Kufundisha Uwezo wa Mahakama Kubatilisha Sheria: Anza na Kesi

Kwa miaka kadhaa nilifundisha mada ya mihimili ya dola kwa kuchora duara tatu ubaoni, yaani Bunge, Serikali na Mahakama. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walizikariri na kufaulu mtihani, lakini nilipowauliza ni nani awezaye kuliambia Bunge kwamba sheria yake inapingana na Katiba, darasa zima lilinyamaza.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu wa Uraia ni kuanza na kesi moja inayowagusa wanafunzi wenyewe. Mimi hutumia shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambamo Gyumi alipinga mahakamani umri wa kuolewa uliowekwa na sheria ya Tanzania. Huandika ubaoni namba mbili tu, 18 na 15, kisha nasoma kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachomtaka mvulana awe na miaka 18 ndipo aoe huku msichana akiruhusiwa kuolewa akiwa na 15. Wasichana wengi walioketi mbele yangu wana umri huohuo, na mikono hunyooshwa kabla sijauliza lolote. Tukifungua ibara ya 13 ya Katiba, isemayo kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, kasoro wanaiona wenyewe.

Hata hivyo, usiliache darasa lote liegemee upande mmoja. Ligawe makundi mawili, na kundi linalomwakilisha Mwanasheria Mkuu, aliyeitetea sheria hiyo, lijenge hoja ya mila, desturi na dini kwa uzito wake wote, maana mwanafunzi asiyeisikia hoja hiyo hudhani kwamba majaji huamua wapendavyo.

Panapohitaji muda zaidi ni kwenye amri yenyewe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona kwamba kifungu cha 13 na cha 17, kinachohusu ridhaa ya wazazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18, vinakwenda kinyume na Katiba, lakini haikuiandika sheria upya: iliielekeza Serikali ivirekebishe ndani ya mwaka mmoja na kuweka umri wa miaka 18 kwa wote, utaratibu ambao msingi wake umo katika ibara ya 30(5) ya Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Hapo wanafunzi hukasirika. "Mwalimu, kwa nini majaji wasiyafute maneno yale wenyewe siku ileile?" aliniuliza msichana mmoja. Usilikimbie swali hilo hata kama kengele imekaribia. Mimi nililiacha ubaoni, na kipindi kilichofuata tulikitumia chote kulijibu.