Maswali ya Wasomaji: Ukulele ya Marehemu Baba Mkwe

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niliyeolewa Minneapolis, Marekani. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana, na katika vitu alivyoacha imo ukulele kuukuu (gitaa dogo la nyuzi nne) ambayo familia inaamini kuwa babu yake aliinunua kwenye maonyesho ya kimataifa ya San Francisco ya mwaka 1915. Nyuma ya kichwa chake pamegongwa muhuri wa kampuni ya C. F. Martin ya Nazareth, Pennsylvania, vigingi vyake vya kukazia nyuzi ni vya mbao, mgongoni ina ufa wa urefu wa kidole, na nyuzi mbili zimekatika. Shemeji anataka iuzwe fedha zigawanywe. Wifi anataka ipakwe vanishi mpya na kutundikwa sebuleni juu ya meko. Mume wangu amenyamaza. Wosia haukuitaja. Tufanye nini?
Mke wa mrithi, Minneapolis

JIBU: Dada yetu, poleni kwa msiba. Tunaanza na vanishi, kwa sababu hilo likishafanyika halirudishiki: mzuieni wifi, kwa upole lakini kwa uthabiti. Wanunuzi na wakusanyaji wa ala za zamani huthamini rangi ya awali hata ikiwa imechubuka mahali mkono wa mpigaji ulipokuwa ukigusa, na ala iliyosuguliwa kwa msasa na kupakwa upya hushuka thamani sana. Futeni vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Kuhusu asili yake, masimulizi ya familia yana ukweli ndani yake, ila mwaka wenyewe unatia shaka. Ukulele ilizaliwa Hawaii kutokana na gitaa dogo la kisiwa cha Madeira, lililoletwa na wahamiaji wa Kireno waliofika Honolulu kwa meli ya Ravenscrag mwaka 1879. Miongoni mwao walikuwamo maseremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walifungua karakana zao. Maonyesho ya San Francisco ya 1915 ndiyo yaliyowatia Wamarekani wa bara wazimu wa ukulele, na ni kwa sababu ya wazimu huo kampuni ya Martin, iliyokuwa ikitengeneza magitaa huko Pennsylvania, ilianza kuuza ukulele kwa wingi mwaka 1916, yaani baada ya maonyesho kufungwa. Kwa hiyo huenda babu alivutiwa na ukulele maonyeshoni, akanunua hii miaka michache baadaye. Vigingi vya mbao, kama ni vya awali, vinaelekeza kwenye miaka ya mwanzo, kabla ya miaka ya 1920 kwisha. Msitafute namba ya utambulisho, kwani karibu ukulele zote za Martin hazina. Andikeni masimulizi ya wazee kama yalivyo, na pembeni yake muandike yanayothibitika.

Bei hutegemea daraja. Ile isiyo na mapambo, ambayo ni daraja la 0 na ndiyo iliyo nyingi, huuzwa kwa mamia kadhaa ya dola. Ile ya daraja la 5K, iliyotengenezwa kwa mti wa koa wa Hawaii na kupambwa kwa vipande vya kombe la baharini linalong'aa kingoni, hufikia maelfu. Shemeji asipige hesabu kabla ya kujua ipi ni ipi.

Ufa huo huenda umesababishwa na ukavu. Nyumba za Minneapolis hupashwa joto majira yote ya baridi, hewa ya ndani hukauka, na mbao nyembamba kama hizi husinyaa hadi zipasuke. Ndiyo maana ukuta ulio juu ya meko ni mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba. Iwekeni kwenye kasha lake, pamoja na kifaa kidogo cha kuongeza unyevu, na muulenge unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ufa wenyewe apewe fundi wa ala za nyuzi anayetumia gundi ya ngozi, kama iliyotumika kiwandani, kwa kuwa gundi hiyo huweza kufunguliwa tena. Gundi za papo hapo za dukani msizikaribie.

Kwa kuwa wosia umenyamaza, ukulele ni sehemu ya mirathi, na mumeo hana budi kuzungumza yeye mwenyewe, maana wewe ni mkwe na neno lako litaonekana la kujitafutia. Mwiteni mthamini aandike bei, kisha mmoja aichukue na kuwafidia wenzake kwa maandishi. Kwa maoni yetu, aichukue atakayeipiga.

Atakayeipiga aweke nyuzi za nailoni au za utumbo, kamwe si za chuma, kwa sababu mvuto wa chuma utang'oa daraja linaloshikilia nyuzi kifuani. Siku hizi nyuzi hupangwa kwa sauti za G, C, E na A. Lakini mkikuta ndani ya kasha kitabu cha nyimbo cha miaka ya 1920, huenda kikadai A, D, F kali (F iliyopandishwa nusu hatua) na B, na hapo nyuzi zote hupandishwa hatua moja nzima. Fundi apime kwanza kama shingo na daraja vinastahimili mvuto huo.