Umeweka php kwa ajili ya nginx, Apache ikaja nayo: inapitia wapi

Ndugu wa Mwembe Tayari ameuliza: mashine yake ya stoo ina Debian 12 na nginx (seva ya wavuti), akaandika `apt install php` kuweka lugha ya PHP, ikamletea Apache, seva nyingine ya wavuti. Alipozima na kuwasha, nginx ikakataa kuamka. Akafuta, akarudia na `--no-install-recommends`, bado vitu vya Apache vimo.

Dawa hiyo ni ya ugonjwa mwingine. Inazuia Recommends tu (pakeji zinazopendekezwa), na moduli ya Apache hapa imeingia kwa mlango wa Depends (pakeji za lazima). Andika `apt-cache depends php8.2` utazame juu kabisa:

```
 |Depends: libapache2-mod-php8.2
 |Depends: php8.2-fpm
  Depends: php8.2-cgi
```

Kile kijistari cha wima maana yake ni "au". Mojawapo ya hizo tatu yatosha (fpm na cgi huendesha PHP bila Apache), ila kama hakuna iliyokwisha kuwekwa, apt hubeba ya kwanza, na ya kwanza ni ya Apache. (Kwa maoni yangu mpangilio huo umepitwa na wakati, lakini ndio uliopo.) Baada ya hapo seva mbili zinagombea poti 80. Inayowahi ndiyo inayoshika, na nginx ikichelewa huandika kwenye logi:

```
bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use)
```

Ndiyo maana inaweza kufanya kazi wiki nzima, kisha stima ikapotea na kurudi, mambo yakaharibika bila mtu kugusa chochote.

Kusafisha kuna utaratibu wake:

```
sudo apt install php8.2-fpm
sudo apt purge apache2 libapache2-mod-php8.2
sudo apt -s autoremove
```

Usianze na purge. Ukiondoa moduli ya Apache kabla fpm haijakaa, `php8.2` inabaki bila nguzo, na apt itaamua yenyewe iing'oe au ilete mbadala. `autoremove` huondoa pakeji zisizohitajika tena, na ile `-s` ni ya kuigiza tu, haifuti kitu. Soma orodha yake jina kwa jina, ndipo uirudie amri bila `-s`. Kwenye nginx elekeza `fastcgi_pass unix:/run/php/php8.2-fpm.sock;`, kisha hakikisha kwa `sudo ss -ltnp | grep ':80 '` kwamba aliyebaki ni nginx peke yake. Siku nyingine weka `php8.2-fpm` moja kwa moja, hiyo `php` tupu huihitaji.

Recommends nazo zina visa vyao. Mfano ni `mdadm`: unataka kuunganisha diski mbili, unapewa na seva ya barua, maana mdadm hupenda kutuma barua diski ikifa. Hapo ndipo `--no-install-recommends` inapofaa, na inakuokolea bando. Lakini seva hiyo ya barua ikishawekwa, usitegemee autoremove iiondoe: kwa kawaida apt huihesabu Recommends kuwa sababu tosha ya kubakisha pakeji. Ifute kwa jina lake. Kuzima Recommends kwa mfumo mzima sikushauri. `libcurl4`, maktaba ambayo programu nyingi hupakulia vitu mtandaoni, huipendekeza tu `ca-certificates` (orodha ya vyeti vya kuaminika). Ikikosekana, kila anwani ya https italalamika kuhusu cheti na utahangaika kutafuta kosa kwenye mtandao.

Aina ya tatu ni tegemezi iliyoshonwa ndani ya programu yenyewe wakati wa kuikusanya. Machi 2024 ilipogunduliwa sumu ndani ya xz (programu ya kubana faili, yenye maktaba ya liblzma) 5.6.0 na 5.6.1, njia ya kuifikia sshd (seva ya OpenSSH ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) ilikuwa hiyo: Debian na wengine walikuwa wameiunganisha sshd na libsystemd, nayo libsystemd ikavuta liblzma. OpenSSH ya asili haiihitaji liblzma. Tegemezi ya namna hii haiondoki kwa apt. Ni kukusanya upya au kuiacha. Ukilazimisha kwa `dpkg --force-depends`, apt itagoma kuweka chochote mpaka urekebishe.

Kuizuia moduli ya Apache isirudi, tengeneza faili `/etc/apt/preferences.d/bila-apache.pref`:

```
Package: libapache2-mod-php*
Pin: release *
Pin-Priority: -1
```

Jina liishie na `.pref` au lisiwe na kiambishi kabisa. Ukiliita `.txt`, apt hailisomi. Kisha jaribu `apt -s install php` uone kama bado kuna mstari wa `Inst` (yaani kitakachowekwa) wenye apache.