Anza na Karatasi ya Katikati

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilituuliza wasomaji ni muziki gani wa zamani kutoka nchi za mbali ambao tumeugundua, na ni kwa namna gani tunaufikisha kwa wengine. Nimekaa nalo siku nne kabla ya kushika kalamu, kwa sababu neno moja ndani yake halikuniingia vizuri, nalo ni "kugundua". Mimi hufundisha Jiografia hapa Tukuyu, na kila mwaka huwakataza wanafunzi wangu kuandika kwamba msafiri fulani aligundua mlima ambao watu walikuwa wakilima mitelemkoni mwake tangu enzi za mababu. Nitakuwa mnafiki nikidai kwamba niligundua muziki wa Kuba, kwa maana ulikuwa chini ya kitanda cha babu yangu.

Babu alikuwa mtu wa Wenela. Kwa vijana wasiolifahamu jina hilo, ni matamshi yetu ya kifupi cha shirika lililoandikisha vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na kutoka Rungwe walikwenda wengi hadi uandikishaji huo ulipositishwa muda mfupi baada ya Uhuru. Wengine walielekea machimbo ya shaba ya Copperbelt, katika Zambia ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Walirudi na mablanketi, baiskeli na cherehani, na baadhi yao walirudi na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Ya babu ilikuja pamoja na sanduku la bati lenye santuri 19. Nilipozirithi, 5 zilikuwa zimepasuka na zote zilikuwa zimeota ukungu, kwa kuwa mvua ya kwetu haina adabu, huingia hata mahali palipofungwa kwa kufuli.

Kosa langu la kwanza nililifanya katika kuzisafisha. Nilichukua pamba, nikaichovya katika spiriti, nikaanza kusugua kwa bidii ya mtu anayejiona mtaalamu. Pamba ikatoka nyeusi, nikafurahi; nikasugua tena, ikatoka nyeusi zaidi, nikazidi kufurahi, mpaka nilipoona mistari ya santuri imepotea na uso wake umekuwa laini kama kigae. Santuri za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika hazikutengenezwa kwa plastiki. Zilitengenezwa kwa unga wa mawe uliokamatanishwa na lakiri, yaani gundi inayotokana na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India, na kila fundi seremala anajua kwamba gundi hiyo huyeyuka katika spiriti. Kwa santuri ya aina hiyo tumia maji kidogo, tone la sabuni na kitambaa laini, uikaushe papo hapo bila kuilowesha karatasi ya katikati. Santuri za plastiki, zile ndefu za mizunguko 33 zilizoanza kuuzwa mwaka 1948 na zile ndogo za 45 zilizozifuata mwaka 1949, hustahimili zaidi, ingawa nazo hazipendi jua wala kulazwa moja juu ya nyingine kama chapati.

Karatasi ya katikati ndiyo hoja yangu yote, na mkikosa nafasi ya kuchapisha barua nzima, naomba mchapishe aya hii peke yake. Mtu anayetaka kuufahamu muziki wa zamani wa mataifa aanze kwa kusoma duara lile dogo la karatasi kabla hata sindano haijateremshwa. Hapo pana jina la kampuni, namba, lugha ya wimbo, aina ya dansi, na mara nyingine jina la mji. Nilikuwa kidato cha tatu nilipoanza kuzisoma karatasi hizo kwa tochi, baba akiwa amelala. Nyingi zilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni, na tatu kati ya hizo zilikuwa na herufi GV mbele ya namba. Babu aliapa kwamba waimbaji wa zile tatu walikuwa Wakongo. Mimi, kwa kiburi cha shule, nilimwonyesha neno lililosema kwamba lugha ni Kihispania, nikamcheka. Yeye akanyamaza, akaendelea kutikisa goti.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza maana ya herufi hizo. Kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa, ilianza mwaka 1933 kutoa kwa ajili ya soko la Afrika mfululizo wa santuri zenye alama ya GV, nyingi zikiwa za rumba na son, mitindo ya dansi kutoka Kuba, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa zimefika zaidi ya 200. Zilipotua Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, vijana wa huko walizipokea kama mtu anayepokea barua kutoka kwa ndugu aliyepotea, na haikuwa ajabu, kwa kuwa midundo ile ilikuwa imevuka bahari kwenda Kuba ndani ya vifua vya watumwa, na wengi wao walitoka pande za Kongo. Vijana hao waliimba kwanza kwa Kihispania cha kubabaisha, kisha kwa Kilingala, zikazaliwa bendi za African Jazz na, mwaka 1956, OK Jazz ya Franco; na sisi huku tukapata dansi la Tabora, Morogoro na Dar es Salaam lililokunywa katika chemchemi hiyohiyo. Kwa hiyo babu hakuwa amekosea sana. Sikio lake lilisikia ukoo, jicho langu lilisoma pasipoti. Sikuwahi kumwomba radhi, kwa sababu nilipojua alikuwa amekwisha kufariki.

Lakini hata karatasi haimlindi mtu mzembe. Baba alikuwa na redio kubwa ya mbao yenye gramafoni ndani yake na kijiti cha kubadilishia kasi, na kwa mwaka mzima nilicheza santuri moja ndogo ya filamu ya Kihindi kwa mizunguko 33 badala ya 45. Nilimpenda sana mwimbaji yule wa kiume mwenye sauti nzito na huzuni isiyo na haraka. Siku kijiti kiliposogezwa kwa bahati mbaya, akatokea Lata Mangeshkar, mwimbaji wa kike wa filamu za Kihindi. Nakiri kwamba hadi leo ninamkumbuka kidogo yule bwana asiyekuwepo.

Kuhusu jirani zetu wa Zambia nina aibu kubwa zaidi. Kutoka hapa Tukuyu hadi Tunduma hazifiki kilomita 200, na tangu mwaka 1976 reli ya TAZARA imekuwa ikibeba watu na mizigo yao kati ya Kapiri Mposhi na Dar es Salaam ikipita Mbeya na Makambako. Katika miaka hiyohiyo vijana wa Copperbelt na Lusaka walikuwa wakipiga roki ya magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburutwa, wakiimba kwa Kiingereza na kwa lugha za kwao: bendi ya WITCH iliyoongozwa na Emanuel "Jagari" Chanda, Musi-O-Tunya, Paul Ngozi, na Amanaz waliotoa albamu yao mwaka 1975. Bei ya shaba ilipoporomoka fedha zilikauka, kisha UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi kabla ya umri wa kuzeeka. Mimi, mkazi wa mpakani, niliwasikia kwa mara ya kwanza baada ya makampuni ya Ulaya na Marekani kuzitoa upya kazi zao. Muziki uliokuwa mlango wa pili ulinifikia baada ya kuzunguka dunia nusu, na sidhani kwamba hatia ni ya umbali. Hatukuuliza tu. Tulimwuliza mtu wa Tunduma bei ya mashati.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali, ile ya kuwafikishia wengine. Kwa muda nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilihamisha nyimbo kwenye simu, kisha nikazitupa zote katika kundi la WhatsApp la walimu wenzangu, nyimbo 60 kwa usiku mmoja. Hakuna aliyesikiliza. Mmoja aliniandikia asubuhi kwa heshima zote, "Mwalimu, bando limeisha." Baadaye nikakuta wimbo mmoja wa Kuba umefika sokoni, kwenye kibanda kimojawapo cha kujazia nyimbo kwenye memori kadi, nao umepewa jina la "Zilipendwa Kongo 14". (Babu angecheka.) Kilichoniudhi hakikuwa kijana wa kibanda kupata shilingi mia mbili zake. Kilichoniudhi ni kwamba karatasi ya katikati ilikuwa imebanduliwa tena, safari hii na mimi mwenyewe, niliyeutuma wimbo bila jina.

Jina la mtu si pambo. Solomon Linda, mwimbaji Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo wake uitwao "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10, na alipofariki mwaka 1962 akiwa maskini, wimbo huo ulikuwa tayari unavuma Marekani kwa maneno mengine na majina mengine. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Miaka yote hiyo dunia iliuimba bila kujua unamhusu nani. Tangu niliposoma habari hiyo, kila wimbo ninaomtumia mtu huutanguliza kwa sauti yangu mwenyewe kwa sekunde chache, kwa Kiswahili: huyu ni fulani, wa mahali fulani, mwaka fulani, santuri namba fulani. Kijana wa kibanda akitaka kunifuta itambidi afanye kazi kidogo.

Pia nimeacha kutuma kwa mafungu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana barazani kwa fundi redio mmoja, watu kumi au kumi na wawili, chai ikiwa kwenye chupa na mvua ikiwa juu ya bati, na tunasikiliza nyimbo tatu tu. Wimbo huchezwa kwanza bila maelezo, watu hubahatisha nchi, ndipo nasoma karatasi, kisha tunausikiliza tena. Mara hiyo ya pili ndiyo yenye utamu, kwa sababu sikio limeshapewa mahali pa kukaa. Mwezi wa tatu nilicheza sauti za wasichana wa Kipsigis wa Kenya, zilizorekodiwa mwaka 1950 na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, ambaye katika ziara zake alirekodi pia ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe. Wasichana wale walikuwa wamesikia santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, na kwa kuwa sauti ile haikufanana na ya binadamu waliyemjua, walimtungia wimbo wakimwita Chemirocha, kiumbe nusu mtu na nusu paa. Hakuna aliyecheka barazani. Fundi alisema tu kwamba marehemu mama yake naye aliamini Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa Marekani, anaishi Dar es Salaam, kwa kuwa kila Jumapili alikuwa redioni.

Kwa wasio na sanduku la babu, zipo hazina zilizofunguliwa. Ninayoipenda zaidi ni ya redio ya taifa ya Guinea: kanda za bendi zilizolelewa na serikali ya Sékou Touré, Bembeya Jazz ikiwa mbele yao, zilihamishwa katika mfumo wa kidijitali kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, zaidi ya nyimbo 9,000, zikawekwa mtandaoni ili hata mtu wa Tukuyu mwenye bando aweze kuzisikiliza. Msizipakue zote. Chukueni moja, mkae nayo wiki.

Mwezi uliopita nilicheza mojawapo ya santuri za babu, kwaya ya wanaume wa Kizulu wasiotumia ala yoyote. Mzee mmoja wa Wenela, jirani yetu ambaye huja hasa kwa ajili ya chai, aliweka kikombe chini. "Mwalimu, hiyo huwezi kuisikiliza ukiwa umekaa," akasema, akainuka kwa fimbo yake. Akatuonyesha jinsi walivyocheza usiku wa Jumamosi katika mabweni ya wachimbaji, wakikanyaga kwa ncha za vidole, goti linapanda juu lakini unyayo unatua bila sauti. "Kisigino kikigusa sakafu, mlinzi anaamka." Alifanya hivyo mara nne, taratibu, viatu vyake vya mpira vikiwa na tope, na kweli sikusikia hata mguu mmoja. Santuri ile ina ufa, na sindano ilipofika pale ikaruka kama kawaida yake; mzee hakuruka nayo, aliimba mstari mzima uliokosekana, akakutana na waimbaji mbele.

Nilimshukuru kwa "ndaga" nyingi, nikamwomba aurudie mstari ule ili niuandike. Nimeuandika kwa herufi za Kiswahili kama nilivyousikia, na pengine nimeuharibu. Iwapo miongoni mwa wasomaji wenu yupo ajuaye Kizulu vizuri, nitafurahi kumtumia nakala kupitia kwenu anisahihishie, kwa sababu mzee mwenyewe anasema aliufahamu wimbo kwa miguu kuliko kwa maneno.

Msomaji wenu, Tukuyu