Kabla hujasema Maziwe imehama

Ukiweka ramani ya topografia ya zamani juu ya picha ya setilaiti, visiwa vya mwambao wa Tanga, kuanzia Toten na Yambe hadi Maziwe ya Pangani, huonekana vimeruka. Mara nyingi kosa ni la mfumo wa viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali. Soma pambizoni: karatasi nyingi za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, Kanda ya 37 Kusini. Ukiiambia QGIS, programu ya ramani, kuwa ni WGS 84, mfumo wa GPS, ramani nzima itakaa kama meta 300 kaskazini na karibu meta 90 magharibi mwa mahali pake. Weka EPSG 21037, namba ya utambulisho ya mfumo huo wa Arc 1960, programu igeuze yenyewe.

Kabla ya kuskani, pima gridi kwa rula. Kilomita 20 lazima ziwe milimita 400. Unyevu wa pwani hutanua karatasi, tena upande mmoja kuliko mwingine. Skani kwa nukta 400 kwa inchi, kila nukta iwe kama meta 3 ardhini. Kwenye QGIS, bandika alama 12 au zaidi za kufungia ramani, kila moja na viwianishi vyake, kwenye makutano ya gridi, pembeni na katikati. Ncha ya kisiwa au mdomo wa mto usivitumie kamwe, maana hivyo ndivyo unavyovichunguza. Anza na polinomia ya daraja la kwanza, ugeuzaji unaosogeza, kuzungusha na kutanua ramani nzima bila kuipinda. Alama moja ikipotoka meta 40 na nyingine ziko chini ya 10, umekosea kuandika namba. Wengi hapo hukimbilia thin plate spline, ugeuzaji unaovuta ramani kama mpira: hupita kwenye kila alama, kosa likasomeka sifuri, na ramani ikapinda kimyakimya.

Kazi ngumu ni ufuko. Ramani huchora ukomo wa maji kujaa, ilhali setilaiti hupiga picha maji yalipo. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, la Tanga hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Kwenye fungu lenye mteremko wa 1 kwa 30, hizo ni meta 90 za mchanga unaoonekana au kupotea kwa saa sita tu. Tafuta saa ya picha, ilinganishe na jedwali la maji. Mwaka wa ufuko kwenye ramani nao ni ule wa picha za ndege zilizotumika kuichora, si wa kuchapa.

Maziwe, eneo tengefu tangu 1975, ilikuwa na mivinje na kasa wakipanda kutaga. Sasa maji makuu huifunika. Badiliko hilo ni la kweli, lakini usilipimie kwa kontua, mistari ya mwinuko: kwa kontua za kila meta 20, kisiwa cha mchanga hakipati hata mstari mmoja. Linganisha ukomo wa uoto na ukomo wa uoto.